Chafya ya Binti wa Kipngeno

Shemeji yangu Kipngeno aliandika mchezo wa televisheni juu ya kifo cha mtoto wangu, na ndani ya huo mchezo mimi ndiye muuaji. Naanza na hapo ili usije ukanionea huruma ya bure. Huruma sikuitaka. Nilitaka kulipiza, na nililipiza.

Mtoto wangu alikuwa Chelimo, na watu wakiniita Mama Chelimo. Miaka saba, meno ya mbele hana, na mdomo hata hivyo haufungi. Homa ilimshika akiwa shuleni hapa Boito, ikapanda kichwani. Hospitali ya Kapkatet wakamtuma Nairobi, Nairobi wakamwekea mashine ya kumpumulia. Mimi na bwana yangu Bethwel tukakaa kwa benchi tukingoja afungue macho. Hakufungua. Siku moja daktari akatuita, akaongea Kiingereza kirefu, na Kipngeno ndiye aliyetutafsiria, maana yeye ndiye aliyesoma, yeye ndiye mtu wa Nairobi, yeye ndiye anafanya kazi kwa stesheni ya televisheni.

"Anasema ubongo umekufa," akatuambia. "Inayopumua ni mashine, si mtoto. Anataka nyinyi wazazi muamue kama izimwe."

Mimi ndiye niliyetamka. Bethwel alikubali kwa kichwa. Lakini tuliamua wawili, watu waliozaa pamoja. Nikaomba nimpakate, nesi akanipa, nikamwimbia mpaka kifua chake kikatulia. Na Kipngeno je? Kipngeno alisema anaenda kutuletea maji ya kunywa. Tulimkuta baadaye kwenye geti akibishana na askari habari za mpira. Wala sikumlaumu. Si kila mtu ana moyo wa kusimama mbele ya kifo, na ningemwachia hilo mpaka kaburini kama angeninyamazia tu.

Hakuninyamazia. Mwaka wa tisini na sita, mama mkwe wangu Taprandich alisimama kanisani akatangaza kwamba mchezo wa mwanawe utaonyeshwa jioni ile. Hapa kwetu televisheni ilikuwa moja, ya Kimotho mwenye duka, ile ya kutumia betri ya gari. Tukaenda sote. Mimi, mjinga, nilivaa gauni langu la kanisa na kukaa mbele kabisa. Kipngeno alikuwa ametuambia ameandika habari ya Chelimo ili asisahaulike.

Mara nikaona mwanamke na kikapu cha majani chai mgongoni, kitambaa cha kichwa amekifunga vile ninavyofunga mimi. Mtoto yuko kitandani, mipira puani. Yule mwanamke akamwambia daktari, "Zimeni. Majani yangu yanazeeka shambani." Bwana yake akampigia magoti, machozi mpaka kwenye kola, "Nakuomba, mama, tungoje hata kesho." Hakusikia. Askari wawili wakamburura yule bwana nje. Nani akabaki na mtoto? Baba mdogo wa Nairobi, kijana mtanashati, suti ya kijivu. Akamshika mkono mpaka pumzi ya mwisho, akimwimbia wimbo. Wimbo wangu. Alininyang'anya hata wimbo.

Watu walikuwa wananitazama kisogo, nilihisi. Kimotho alisimama akazima, akasema betri imeisha. Betri haikuwa imeisha. Wazee wake walitoka Nyeri zamani wakaja kufanya biashara huku, na jioni ile yeye peke yake, mtu asiye wa ukoo wetu, ndiye aliyenionea haya.

Kuanzia hapo nikipeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai, wanawake wanasogeza vikapu vyao kando. Nikijaribu kueleza, wananikata: "Lakini tuliona kwa televisheni." Televisheni imekuwa Injili, ati. Hayo ningeyavumilia. Mdomo wa mtu si mlango, huwezi kuufunga kwa komeo.

Aliyenimaliza ni Bethwel.

Tulikuwa tunakamua ng'ombe, yeye upande ule, mimi upande huu. Akasema polepole, bila ugomvi, "Lakini mimi nililia, Rodah. Nilikuomba tungoje kesho."

Nikaacha kukamua. "Ulilia wapi?"

"Pale kwa daktari. Nilipiga magoti. Huwezi kukumbuka, ulikuwa umechanganyikiwa."

Nilimtazama nikaona hadanganyi. Uwongo wa bwana yangu naujua, huwa anajikuna shingo. Safari hii hakujikuna. Alikuwa anaamini. Ule mchezo ulikuwa umeingia kichwani mwake ukamtoa yeye halisi, ukaweka yule wa kola yenye machozi. Ikawa kila akiamka ananiangalia na macho ya mtu aliyenyimwa kesho moja. Katika dunia hii watu wawili tu ndio waliojua jinsi mwanangu alivyokufa, na sasa nilikuwa nimebaki peke yangu. Nikaapa, mbele ya ng'ombe maana hapakuwa na shahidi mwingine, kwamba Kipngeno atayala maneno yake kwa mdomo wake mwenyewe, na Bethwel atasikia.

Mungu si Athumani. Mwaka haujaisha, bibi ya Kipngeno akajifungua msichana. Bibi yake ni Nyathira, Mkikuyu, mwalimu, mtu wa adabu sana, tena hana kosa katika hadithi hii. Taprandich akatuma neno Nairobi: mtoto aletwe nyumbani aitiwe jina.

Nyathira alishangaa kidogo. Kwao msichana wa kwanza anachukua jina la nyanya mzaa baba, imekwisha, hakuna mjadala. Ilibidi tumweleze kwamba kwetu sisi mtu ambaye bado anakula haitwi. Wanaoitwa ni waliotangulia. Wanawake wanakaa na mtoto ndani, wanataja majina ya wafu wa ukoo mmoja mmoja, wakimgusisha mtoto tumbaku puani. Jina ambalo atalipigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Pasta anajua tunafanya hivyo na anajifanya hajui.

Na katika ukoo wa bwana yangu kuna jambo lingine. Chafya ikitoka, baba wa mtoto anaitwa ndani, asimame mbele ya wanawake aeleze mwenye jina hilo aliishi vipi na akafa vipi. Akidanganya, wanasema jina halishiki, mtoto hatapata usingizi katika nyumba yake. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba sijawahi kumwona mwanamume wa ukoo huu akithubutu kujaribu.

Tena kazi ya kushika tumbaku ni ya bibi wa kaka mkubwa. Yaani mimi. Umeona basi.

Siku yenyewe niliamka nimetulia kabisa. Nilipika chai, nikawamiminia wageni mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, nikamsalimia Kipngeno kwa mkono. Alikuwa amenenepa. "Shemeji, hujambo?" akasema, na akanipa tabasamu la mtu anayedhani yameisha. Mwenye kovu usidhani kapoa. Nikamwambia mimi sijambo, karibu nyumbani, watu wanakungoja.

Tukaingia jikoni sisi wanawake, Taprandich na wanawake wazee wa ukoo na Nyathira na mimi. Wanaume wakabaki nje karibu na mlango, Bethwel na Kipngeno wakiwa kwenye benchi moja. Mtoto alikuwa mapajani pa nyanya yake, mwekundu, anajinyoosha. Wakaanza kutaja: Tapsubei. Nikagusisha tumbaku, lakini kidogo sana, hata sisimizi hangepiga chafya. Kimya. Wakataja mwingine. Kimya. Mwingine tena. Kimya. Wazee wakaanza kutazamana. Nyathira akauliza kama mtoto ana shida. Nikasema hapana, subira.

Nataka niseme ukweli: mtoto aliniangalia. Alikuwa na macho meusi ya kupendeza, na kosa hana. Nilijua hana, na sikusimama. Nikachovya kidole chote kwenye tumbaku, nikampaka, nikasema mimi mwenyewe, kwa sauti ya kufika nje, "Chelimo, binti ya Bethwel. Ni wewe?"

Akapiga chafya. Akapiga nyingine juu yake.

Taprandich alishtuka. "Rodah, mtoto mdogo haitwi. Hakuolewa, hakuacha mtu."

"Kuna aliyekataza, mama? Au ni desturi ya kuogopa tu?"

Mmoja wa wale wazee, aliyempita umri, akatikisa kichwa. "Chafya ni chafya," akasema. "Haina rufaa. Mwite baba."

Kipngeno akainama akaingia mlangoni. Uso wake ulikuwa umebadilika, maana jina alilisikia. Alisimama katikati yetu, akaanza vizuri, kwa ile sauti ya kazi yake. Alisema Chelimo alikuwa mtoto mchangamfu, alipenda kuuliza maswali, aliugua ghafla. "Nasi tukampeleka Nairobi, na mimi nilikuwa pale mpaka..."

"Pale wapi, shemeji?" nikamuuliza.

"Hospitali."

"Hospitali ni kubwa."

Akamtazama mama yake amwokoe. Taprandich alimpenda huyu mwanawe kuliko wengine, kila mtu anajua, lakini mtoto mchanga alikuwa mapajani mwake, na usingizi wa mtoto si jambo la mchezo. Akasema, "Jibu. Ulikuwa pale wapi?"

Nyathira akainua kichwa. "Si ulikuwa umemshika mkono? Uliniambia ulimshika mpaka mwisho. Ulilia ukiniambia. Ndiyo siku nilikubali unioe."

Hilo sikulijua. Nakuapia sikulijua, na lilipotoka nilifurahi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, baba. Na wewe kaa katika nyumba ambayo mwenzako anakutazama usoni akitafuta mtu aliyemjua.

"Nilikuwa kwa geti," akasema Kipngeno.

"Sema ifike nje."

"Nilikuwa kwa geti. Niliogopa. Sikurudi ndani."

"Mtoto alikufa mikononi mwa nani?"

"Mwako."

"Nilisema majani yangu yanazeeka?"

"Hapana."

"Na bwana yangu? Alipiga magoti? Alilia akiomba kesho?"

"Hapana, shemeji. Hiyo niliitunga mimi. Mchezo lazima uwe na mtu mbaya, la sivyo watu wanabadilisha stesheni." Alikuwa anazungumza chini chini sasa. "Bethwel alikubali kwa kichwa. Daktari aliniambia mliamua vyema. Mliamua pamoja."

Maziwa yalikuwa yanachemka na hakuna aliyeyatoa. Kisha nikasikia sauti ya Bethwel pale mlangoni, haikunuiwa kwa mtu yeyote.

"Nilimvua soksi," alisema. "Wewe ulikuwa umempakata na mimi nikamvua soksi, kwa sababu alikuwa hapendi kulala nazo."

Mimi hilo nilikuwa nimelisahau. Nilimgeukia nikamwona ni yeye, yule wa siku ile, mzima, wangu. Alikuwa amerudi. Nilichokuwa nakitafuta nimekipata, na adui yangu amesimama katikati ya jikoni hana pa kuweka mikono.

"Nisamehe, Rodah," akasema Kipngeno.

"Hapana. Mimi ulinitukana kwenye televisheni, watu wa Kenya nzima wakaona. Kaombe msamaha hukohuko, saa ileile ya mchezo wako. Hapa jikoni huna deni."

"Huko hawawezi kunikubalia."

"Basi hujasamehewa. Kunywa chai kabla haijapoa."

Akatoka bila kunywa. Nyathira hakumfuata kwa macho. Alikuwa anakunja shali ya mtoto, anaikunjua, anaikunja tena. Wale wazee wakaanza kusifu jina, kama inavyotakiwa, na mmoja akaniambia kwa sauti ndogo kwamba vikapu vya pale kituoni vitarudi mahali pake. Nilikaa pale nimejaa. Kama kuna anayesema kulipiza kisasi hakuna utamu, huyo hajatukanwa bado.

Kisha mtoto akaanza kulia. Tumbaku ilikuwa inamwasha, au njaa, nani ajuaye. Alilia kwa nguvu, akijipinda mapajani pa nyanya yake.

"Mama Chelimo," akaita Taprandich, "mtoto anataka ziwa."

Nilikuwa nimeshasimama, mikono mbele, kabla sijaona kwamba Nyathira amefungua vifungo na mama mkwe anampitishia mtoto.