Kicheko cha Rozina Msibani

Mwaka 1975 Rozina alikuwa akifundisha elimu ya watu wazima katika kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Mollo. Akitoka shamba la kijiji, alinawa, akabadili khanga, akaenda kuwafundisha akina mama kusoma ndani ya ghala la mahindi. Alikuwa mpole, tena msafi mno.

Wakati wa palizi alianza kubadilika. Aliacha maharage yaungue huku akiyatazama. Hakuchana nywele. Siku moja aliandika silabi moja ubaoni, akaketi, akanyamaza mpaka wanafunzi wakaondoka.

Kisha mama mkwe wake akafariki. Jeneza likishushwa kaburini, Rozina alicheka. Epifania, wifi yake, alimvuta kaka yake pembeni.

"Tadei, mkeo ana dharau. Uvivu tumeuvumilia, lakini hili?"

Waliporudi nyumbani, Tadei alimpiga mkewe kofi, la kwanza katika miaka tisa ya ndoa. Rozina alimwangalia tu.

"Leo tunakula nini?" akauliza.

Tadei alimpeleka kwa mganga upande wa Mwimbi. Akachanjwa kifuani, haikusaidia. Hospitalini mjini alipewa vidonge vya wagonjwa wa akili. Alisinzia kutwa, udenda ukimtoka. Baada ya miezi mitatu akaanza kuumwa kichwa kila alfajiri, akitapika, na kujigonga milangoni.

Waliporudi hospitalini walimkuta daktari mgeni kutoka Mbeya, Mbonile. Alimchungulia Rozina machoni kwa kurunzi ndogo, muda mrefu.

"Huyu si kichaa," alisema. "Nyuma ya macho kumevimba. Nadhani kuna uvimbe unaoota ndani ya kichwa, sehemu ya mbele. Ukikaa hapo, unaweza kumbadilisha mtu tabia kabla hajaumwa popote."

"Dawa yake, daktari?"

"Kupasuliwa, Dar es Salaam. Nitaandika barua. Lakini tumechelewa, bwana Tadei."

Tadei alimfunika mkewe khanga mabegani.

"Nilimpiga kofi, siku ya msiba wa mama. Ndilo lililoleta uvimbe?"

"Hapana. Uvimbe ulikuwepo kabla."

"Kwa hiyo nilimpiga mgonjwa."

Daktari alivuta karatasi, akaanza kuandika barua.

Barua ilikwenda. Mvua zikaikata barabara ya Tunduma, na jibu lilipofika Rozina alikuwa haoni tena, hata kukaa hawezi. Epifania alikuja kila asubuhi kumnywesha uji.

"Wifi, ni mimi."

"Mama amekula?" Rozina aliuliza siku moja, akimtaja mkwewe.

Epifania alishika kijiko bila kukisogeza. "Amekula," akasema.

Rozina alifariki mwezi Machi, mwaka uliofuata. Akina mama wa darasa lake walikuja wote. Tadei alisimama mlangoni, na kila aliyempa mkono alimweleza yaleyale: hakuwa mvivu, hakuwa na dharau, alikuwa na uvimbe kichwani, daktari aliuona.

"Pole sana, baba," walimwambia, wakaingia ndani. Hakujua ni nani kati yao aliyemwamini.