Kompyuta Isiyobisha Hodi

Mimi ni fundi wa kompyuta, na kama mafundi wengi, najua kinachowafaa watu kuliko wanavyojua wenyewe. Ndivyo nilivyodhani hadi siku ya harusi ya mdogo wangu.

Shangazi yetu ni mshonaji. Ana mashine ya kutarizi inayoongozwa na kompyuta, na kompyuta hiyo naihudumia mimi. Wiki moja kabla ya harusi niliipa ruhusa ijisasishe yenyewe, ijizime na kujiwasha itakavyo. Shangazi sikumwambia. Ya nini kumchosha?

Siku yenyewe, saa nne asubuhi, gauni la mdogo wangu, bibi harusi, lilikuwa limebanwa kwenye fremu ya mashine dukani kwa Shangazi, sindano ikitarizi ua la petali saba kifuani. Ndoa ilikuwa saa nane. Mara kioo kikawa cheusi, mashine ikanyamaza, na maandishi yakatokea: Tafadhali subiri, tunakuandalia mambo mazuri.

"Nani kawatuma?" Shangazi akauliza.

Nikakiri palepale. Mdogo wangu, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama, akaangua kilio.

Tulisubiri dakika arobaini. Kompyuta ilipoamka haikukumbuka hata mshono mmoja. Ilitaka kuanza ua upya, juu ya lile lililokwishaanza, na hariri ile ingechanika. Kulitoa gauni kwenye fremu nako hakukuwezekana, kwani sindano isingerudi mahali pake tena. Na gauni la pili hatukuwa nalo.

"Shangazi, ngoja nikuwekee programu ya—"

"Hebu nyamaza kwanza, mwanangu. Huyu mtu wako kazi yake ni ubawabu. Afungue mlango, awashe taa, afukuze wezi, basi. Nani kamwambia aingie chumbani anipangie nguo wakati navaa? Akiwa na jambo abishe hodi, nikimwambia ngoja, angoje. Mgeni njoo mwenyeji apone, si mwenyeji alale nje!"

Mdogo wangu akacheka huku machozi yakimtiririka. Hata mimi nilicheka, kwa aibu.

Shangazi akavaa miwani. "Petali moja mishono mia tatu. Nne zimekwisha, elfu moja na mia mbili." Akainamia petali ya tano na kuihesabu mshono baada ya mshono kwa ncha ya sindano ya mkono. "Mia moja na kumi na mbili. Iambie ianzie hapo."

Nikaandika 1312. Kidole kilishafika kwenye kitufe, nikakirudisha.

"Shangazi, nibonyeze?"

Akanitazama. Miaka sita namhudumia, swali hilo sikuwahi kumuuliza.

"Bonyeza."

Sindano ikashuka palepale ilipoachia, haikukosea hata unywele. Shangazi alipiga kigelegele hadi jirani muuza viatu akaja mbio kuuliza kulikoni.

"Niyazime kabisa hayo masasisho?" nikauliza.

"Usizime. Kwani mimi nachukia mapya? Yaje nikishafunga duka, tena yaniulize."

Mdogo wangu alichelewa kwenye ndoa yake kwa robo saa. Alishuka garini na ua lake zima kifuani, akacheza kutoka barabarani hadi mlangoni, na Shangazi nyuma yake akicheza kumshinda.