Nguruwe wa Chemchemi

Jamani, mtu mzima na akili zake anawapelekea wakwe nguruwe! Zeferina alipomwona mumewe Abílio akipanda kilima, nguruwe kafungwa miguu juu ya farasi, spana ilimponyoka ikaangukia mtaroni.

"Baba Nelinha, mbuzi yuko wapi?"

"Mbuzi wote wana vidonda midomoni. Fomu ya mradi wa maji imeandika mnyama mmoja wa sherehe ya kuomba chemchemi. Huyu si mnyama?"

"Fomu! Fomu ndiyo iliyokupa mke?"

Abílio alilelewa Dili, mji mkuu, kwa mapadri. Mambo ya milimani yaliingia sikio hili yakatokea lile. Watu wa Fatulau, kwao Zeferina, ndio wenye chemchemi, na ndio wanaowaoza binti zao watu wa Maulesu, kwao Abílio, kule bondeni. Anayeoa hupeleka mbuzi au nyati. Anayeoza ndiye hutoa nguruwe. Ukimpelekea nguruwe shemeji aliyekupa dada yake, umemwambia hadharani kwamba yeye ndiye anayeoa kwako, na wewe ndiye mkubwa wake. Watu wameshazikwa kwa tusi hilo.

Na Zeferina alikuwa ameshachoka kuzika. Watoto wake wawili walikufa kwa kuhara, kwa maji ya mto ule ule wanamogaagaa nyati. Mradi ulipotafuta mafundi alijiandikisha wa kwanza, wanaume wakamcheka hadi wakachoka. Miezi saba walichimba, kilomita tatu za bomba wakazifukia. Kilibaki kiungo kimoja tu, hapo chini ya chemchemi, na ruhusa ya kaka yake Armindo. Nelinha, mtoto pekee aliyembakia, alikuwa anahara tangu juzi.

"Mrudishe, nakuomba! Kaka hajamwona bado."

Alikuwa ameshamwona. Armindo aliteremka na vijana wake, tambuu mdomoni, panga kiunoni.

"Shemeji, huyo ni wa nani?"

"Wenu, shemeji!" Abílio akajibu akichekelea, masikini wa Mungu.

Armindo akatema mate mekundu. "Alaa! Kumbe mimi ndiye niliyeoa kwako! Haya, mkwe wangu mtukufu, nikupigie magoti?"

"Piga! Na ukimaliza utufagilie uwanja!" akaropoka kijana mmoja wa Maulesu kati ya wachimba mtaro, na wenzake wakaangua kicheko.

Kicheko kile ndicho kilichoua mambo. Jiwe likaruka, likampasua yule mropokaji mdomo, akatema meno. Mapanga yakatoka. Abílio alipigwa ubapa wa panga sikioni akaanguka kifudifudi, na walipomkanyaga mbavu zikalia. Mtu mmoja alimcharanga nguruwe akiwa hai juu ya farasi, farasi akachanganyikiwa, akawapiga mateke wa Fatulau na wa Maulesu bila kubagua. Mwanamume wa makamo aliketi kando, akishikilia paja lililofunguka, akimwita mama yake.

"Acheni! Kaka, acha! Hajui huyu, ni mjinga tu!" Nani amsikie?

Armindo akarukia mtaroni, akainua panga juu ya bomba.

"Maji yangu hayataki wakubwa!"

Pigo la kwanza liliteleza. Kabla ya la pili Zeferina alikuwa ameshatupa mkono wake juu ya bomba. Sijui alifikiri nini. Nadhani hakufikiri kitu. Panga lilishuka, na vidole vyake viwili vikabaki kwenye tope.

Armindo akaliachia panga.

"Dada. Dada'ngu, sikukuona."

Zeferina alijifunga mkono kwa kitambaa cha kichwa, akivuta fundo kwa meno. Uso ulikuwa mkavu.

"Umemwaga damu ya binti wa nyumba yenu, Armindo. Faini yake nani anaitaja?"

"Wewe," Armindo akasema. Hata mwehu wa Fatulau analijua hilo. "Chukua nyati. Chukua wote wanne."

"Mwanangu atakunywa nyati? Nataka maji. Sasa hivi. Okota spana."

"Lakini lile tusi..."

"Okota spana, mshenzi wewe!"

Akaiokota. Hakuwahi kufunga hata nati ya baiskeli. Alipiga magoti topeni, machozi na kamasi vikimchuruzika mbele ya vijana wake, naye Zeferina amemsimamia, damu ikimdondokea begani.

"Kulia. Kulia, si kushoto! Kaza. Umekula nini leo? Kaza!"

Kiungo kikashika. Akamwamuru afungue koki. Bomba likakohoa, likatikisika.

Zeferina alijilaza mtaroni, akabana sikio kwenye bomba, akayasikia maji yakiteremka kwenda kwa Nelinha. Hapo ndipo alipoanza kuulilia mkono wake, kwa mayowe yaliyowafanya hata wanaume waliokuwa wameumia waangalie pembeni.