Kengele Ndani ya Pakacha

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumatano, Mize alikutwa kifudifudi katika konde lake la muhogo, Kengeja. Mfupa wa kichwa ulikuwa umepasuka juu ya sikio la kushoto. Alikuwa anapumua lakini hasemi. Simu yake haikuwepo.

Aliyemkuta ni mumewe, Msellem. Majirani walimpakia Mize garini kumpeleka hospitali. Msellem alikwenda moja kwa moja kwa kaka wa mkewe, Hudhaifa, mwalimu wa kompyuta. Damu ya mkewe ilikuwa imemganda mpaka kwenye viwiko.

"Shemegi, huo mtambo wako wafanya kazi, au ni pambo?"

Mtambo ulikuwa kompyuta kuukuu chini ya meza, ikiendesha programu ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma ilivyoandikwa. Simu zote za ukoo ziliripoti hapo, si kwa kampuni ya mbali. Kwa simu yake, Hudhaifa aliweza kuzitafuta, kuzifunga, kuziamuru zipige picha, na kuzipigisha kengele hata zikiwa zimenyamazishwa. Mtu akikosea namba ya siri mara tatu, simu ilimpiga picha yenyewe na kuituma.

Sababu ya wizi Hudhaifa aliijua. Jumatatu Mize alimwambia amemrekodi kwa simu mtu akiiba karafuu zao zilizoanikwa kwenye majamvi. Jina alikataa kulitaja kabla ya kikao cha ukoo, Ijumaa. "Nikilitaja leo, Msellem ataua ntu," alisema.

Sasa nukta ya simu ilikuwa kwenye barabara ya Mkoani, ikienda kwa mwendo wa gari. Chini ya ramani paliandikwa: Picha mpya, 1. Hudhaifa alibonyeza. Mtandao ulikuwa dhaifu; ramani ilikuwa nyepesi, picha nzito. Alisubiri sekunde ishirini.

"Picha ya nini!" Msellem alikuwa ameshawasha pikipiki. "Mwizi si huyo hapo anakwenda? Panda!"

Hudhaifa alipanda.

Saa nne na dakika hamsini na tano waliikuta gari ya abiria imesimama njiani, pale palipokuwa na nukta, ikishusha ndizi. Ndani walikuwamo watu kumi na mmoja. Hudhaifa alituma amri ya kengele. Baada ya sekunde tisa ililia ndani ya pakacha la muhogo, katikati ya miguu ya Silima, mvuvi wa Makoongwe.

Silima alirusha miguu kama aliyekanyaga moto. "Pakacha si langu! Mie n'mepewa amana!"

Hilo halikuwa ajabu. Kwenye gari zile kila abiria hubeba mzigo wa mtu, na amana haifunguliwi.

"Amana ya nani?" Msellem alikuwa ameshaichukua spana ya magurudumu chini ya kiti cha dereva.

"Kificho. Kanipa pale gari inapoanzia. Kasema kuna ntu ataipokea bandarini."

Kificho alikuwa mdogo wake Msellem, tumbo moja.

"Umenivunjia mke wangu kichwa," Msellem alisema, "sasa wansingizia na ndugu yangu?"

Pigo la kwanza lilivunja mkono ambao Silima aliuinua. La pili lilitua kwenye taya. Alianguka nje ya gari, na utingo akamkanyaga mbavuni.

"Mtieni adabu mwizi!" mtu alipiga kelele.

"Nwacheni!" Bi Tatu, abiria mzee, alikuwa akimvuta utingo kwa shati. "Kaishantaja aliyempa! Si mukamuulize huyo? Nyie binadamu au fisi?"

Silima alilitaja jina la Kificho mara mbili zaidi. Kila alipolitaja, Msellem alimpiga. La mwisho lilikuwa la kisogoni.

Saa tano na dakika mbili picha ilifunguka.

"Msellem, basi! Tazama!" Hudhaifa alimwekea simu yake usoni.

Uso ulikuwa wa Kificho, karibu na kioo. Mkono uliokuwa ukibonyeza namba ulikuwa na kidole cha shahada kilichokatika nusu. Kificho alikikata kwa panga akiwa mdogo. Nyuma yake palikuwa na mihogo. Saa: tatu na dakika hamsini na nane.

Msellem alitazama mpaka kioo kikajizima. Aliitoa simu ya mkewe ndani ya pakacha, ingali inalia, akaitia mfukoni. Akapanda pikipiki na spana yake, akarudi Kengeja.

Hudhaifa alifunga kichwa cha Silima kwa shati lake. Saa tano na dakika kumi na mbili Silima aliacha kupumua. Bi Tatu alimfumba macho.

Saa tano na dakika ishirini na sita nukta ilisimama nyumbani kwa Kificho. Hudhaifa alimpigia Kificho. Simu iliita mpaka ikakatika. Alituma amri ya picha kwenye simu ya Mize.

Picha ilifika saa tano na dakika thelathini na moja. Ilionyesha boriti za paa na, pembeni, kiganja kilichofunguka, chenye damu, kidole cha shahada kimekatika nusu.