Chumvi ya Togar

Togar Sihotang hakuwa mtu wa kuamini mambo ya kiganga, na alihakikisha kila mtu katika ile karakana ya meli kisiwani Batam, Indonesia, analijua hilo. Kwa hiyo Ijumaa asubuhi, msimamizi wake Pak Wagiman alipomleta Mbah Sarpin, mganga mzee mwenye mfuko wa pilipili, kuzuia mvua, Togar alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Pak, kompresa tunayo, kipima unyevu tunacho, sasa tumeongeza na babu wa pilipili?"

Babu alitunga pilipili nyekundu na vitunguu kwenye kijiti cha mishikaki, akakisimika ardhini nyuma ya tangi la maji, akakalia ndoo na kuwasha sigara yake ya karafuu.

"Wewe piga mchanga wako," Wagiman alisema. "Ikinyesha kabla hatujapaka rangi, harusi yako utaisikilizia kwenye simu."

Togar akanywea. Harusi ilikuwa kesho yake, kwao Balige, na ndege ya Medan, ya kumfikisha huko, ingeondoka saa kumi na mbili jioni. Harusi ilishaahirishwa mara mbili kwa sababu ya meli za watu, na babake Tiur, mchumba wake, alikuwa ametamka mbele ya ukoo mzima kwamba mara ya tatu nguruwe watachinjwa vilevile, ila bwana harusi atatafutwa mwingine. Mzee yule hana utani. Begi la Togar lilikuwa limeshatangulia na kaka yake, naye alibaki na nguo za kusafiria tu.

Ubavu wa meli uliobaki ulikuwa mita kumi na tano. Togar alivaa kofia yake yenye bomba la hewa, akaubana kwapani mpira wa kurushia mchanga, na mchanga mweusi ukatoka kwa kishindo. Kuna watu huidharau kazi hii, wakidhani ni kurusha mchanga tu. Wapeni huo mpira dakika tano muone watakavyoburuzwa nao. Togar alikwenda taratibu, akiuelekeza mshazari kidogo, kutu na rangi ya miaka kumi vikiruka, mpaka chuma kikawa cheupe na chenye mikwaruzo midogo ya kuishika rangi mpya. Chuma kikishavuliwa nguo namna hiyo kina saa chache tu. Unyevu ukikigusa, kinageuka rangi ya chai huku unakitazama.

Alimaliza saa tatu, akavua kofia, akatazama juu. Wingu jeusi lilikuwa linakuja kutoka baharini. Mbah Sarpin alikuwa anakoroma.

Togar alikumbuka harusi moja ya jirani, mganga alivyorusha chumvi pande zote nne na mvua ikakata kweli. Si kwamba aliamini. Alichoamini ni maneno ya babake Tiur. Akaenda kantini, akachomoa pakiti ya chumvi yenye picha ya nguva, akaangalia kushoto na kulia, kisha akasimama chini ya meli na kulirushia wingu konzi baada ya konzi huku akilitukana. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea melini. Hilo hakulifikiria. Wingu likageuka, likaenda kunyeshea karakana ya jirani, na Togar akajiona mwanamume.

Saa tano akaja mkaguzi, mwanamama Bu Desma. Alibandika kijifuko chake cha kupimia kwenye chuma, akakitia maji safi kwa sindano, akayavuta na kuyapima. Akakunja uso. Akapima tena kwingine.

"Chumvi mara nane ya kiwango, rangi itabanduka! Nani kaikojolea meli yangu?"

"Si huyo babu!" Togar aliruka. "Hawa waganga na chumvi zao!"

Mbah Sarpin alifumbua jicho moja. "Kijana, mwaka wa ishirini na mbili huu nazuia mvua kwenye karakana. Chumvi namwaga harusini. Hapa chuma kiko uchi, nimwage chumvi, mimi mwehu? Unadhani nabeba pilipili za nini?"

Wagiman naye alikuwa ameshaiona nguva ikichungulia mfukoni mwa Togar, akaichomoa na kumpa babu.

Togar aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Waliosha ule ubavu wote kwa maji safi, wakaukausha kwa hewa, na Togar akaupiga mchanga upya bila kula. Saa nane Bu Desma alipima, akatikisa kichwa kukubali. Wapaka rangi wakaanza kukoroga makopo. Na wingu likarudi, safari hii na wenzake.

"Mbah," Togar alisema kwa sauti ndogo. "Nisaidie, babu yangu."

"Pilipili zimechoka. Imebaki nguo ya ndani juu ya paa. Iwe imevaliwa."

"Ya nani?"

"Ya mwenye shida."

Bu Desma alikikazia macho kipimo chake kama anasoma barua ya mchumba. Togar alijificha nyuma ya tangi, akatoka, na kitambaa cha bluu kikaruka hadi paa la stoo ya rangi. Mvua ilinyesha mpaka getini, ikaishia hapo. Saa kumi meli ilikuwa imevaa rangi, na Togar alikuwa anakimbilia teksi. Mbah Sarpin alimsimamisha, akamkabidhi ile pakiti ya nguva.

"Ipeleke inakotakiwa."

Kesho yake, Balige, wageni mia sita walikuwa wamekaa uwanjani wakati wingu zito lilipotokea juu ya ziwa la jirani. Babake Tiur alilitazama, akamtazama mkwewe kama vile yeye ndiye kaja nalo. Togar hakusubiri kuulizwa. Alitoa pakiti mfukoni, akapima kwanza upepo kwa kidole, kisha akaanza kurusha.

"We mkwe, umeingiwa na nini?"

"Nazuia mvua, baba."

Mzee akamsogelea, akanong'ona: "Na ikishindikana?"

Togar alitazama paa la nyumba, kisha akaitazama suruali ya mkwewe.

"Tuombe Mungu tusifike huko, baba."