Choo cha Chifu

Mzee Kaloki alimpa mbwa wake jina la Chifu ili, kama alivyopenda kusema, awepo chifu mmoja duniani ambaye akiitwa na maskini anakuja. Hiyo ilikuwa zamani, kule kijijini Muthetheni, ulimi wake ungali mwepesi. Januari mwaka wa 2003 kiharusi kilimwangusha katikati ya shamba la mbaazi, kikampooza upande wa kulia na kumwachia maneno ya kuhesabika. Mkewe alikuwa amefariki miaka mingi. Ndipo bintiye Mumbua, aliyekuwa ametoka chuo kikuu mwaka uliotangulia na kupata kazi ya ualimu katika shule moja ya binafsi mjini Machakos, alipomchukua akae naye. Daktari alikuwa amesema wazi: miezi mitatu ya mazoezi hospitalini, mara tatu kwa wiki, na mzee angetembea tena kwa fimbo. Akirudi kijijini kabla ya hapo, asahau.

Mumbua aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Mzee naye alikuwa na sharti moja tu. "Chifu," alisema, na hakukubali kuingizwa garini mpaka mbwa alipopakiwa kwanza.

Chumba cha Mumbua kilikuwa ghorofa ya pili katika nyumba ya Bi Firdaus, mjane ambaye wazee wake walitoka pwani kuja kufanya biashara Ukambani. Choo na bomba la maji vilikuwa chini, uani. Kila alfajiri Zaki, mwana wa Bi Firdaus, alimbeba mzee mgongoni hadi chooni na kumrudisha, kisha akaenda kufungua hoteli yake ya chai. Kwa haja za mchana Mumbua alinunua beseni lenye kifuniko, akaliweka pembeni nyuma ya pazia la leso, karibu na kitanda cha baba yake.

Chifu alishuka mwenyewe. Alishuka hivyo kwa wiki nne, mpaka Jumamosi moja alipopitisha ulimi kwenye birika ambalo Bi Firdaus alikuwa amelijaza maji ya kutawadhia. Bi Firdaus hakupiga kelele. Aliyamwaga maji yale, akaliosha birika mara saba, mojawapo kwa udongo, kama dini yake inavyomwagiza, wapangaji wote wakitazama. Kisha akapanda ngazi akitweta.

"Mwalimu, mimi sikufukuzi," alisema mlangoni. "Baba yako ni mgeni wangu. Lakini huyu mdogo wake mwenye mkia asikanyage ua wangu tena. Nikiinama mara saba kila siku, kiuno kitanizika."

"Sasa atajisaidia wapi, Bi Firdaus?"

"Ndivyo nikuulizavyo wewe uliyesoma. Akiweza kukaa huko huko juu, nami nisisikie harufu, na akae. Akishindwa, Jumamosi ijayo arudi kwao."

Mumbua alimtazama baba yake. Mkono wake mzima ulikuwa juu ya shingo ya mbwa. Mbwa akienda, mzee angeenda. Hilo halikuhitaji kusemwa. Na wiki hiyo hiyo, kwa mara ya kwanza, mzee alikuwa ameinua kisigino cha mguu wa kulia.

Jumapili hiyo Mumbua aliomba masanduku manne ya nyanya sokoni, akayabomoa na kuyagongomea upya mpaka akapata kisanduku kimoja kipana, chenye kina kifupi. Ndani alitandika nailoni nzito ya kufunikia mahindi. Kwenye kona alitoboa tundu, akapitisha kipande cha mpira wa maji kilichoishia ndani ya mtungi wa lita tano. Juu ya nailoni akaweka kokoto, juu ya kokoto mchanga, juu ya mchanga udongo mwekundu, na juu ya vyote bapa la nyasi, na mizizi yake, alilopewa na mtunza bustani wa shule. Aliliweka sanduku kwenye roshani, akainua upande mmoja kwa tofali ili maji yateremke. Alijigonga kidole mara mbili, lakini alipomaliza aliimba.

"Choo cha Chifu!" alimtangazia baba yake. "Hata mkuu wa wilaya hana."

Nusu ya uso wa mzee ilicheka.

Chifu alilinusa sanduku, akaliheshimu, akalala kando yake. Jumatatu hivyo hivyo. Mumbua akaanza kuandika katika daftari: saa moja asubuhi, hakuna, saa kumi jioni, hakuna. Kila alipotoka kazini alikuta mbwa akitetemeka miguu, na kila asubuhi alilisafisha sanduku upya, akaokota majani makavu, akazifagia nyasi kwa mfagio mdogo mpaka zikang'aa. Jumatatu jioni mbwa alishindwa kabisa, akajichafulia kwenye ngazi. Mumbua alipiga deki ngazi yote kwa sabuni kabla Bi Firdaus hajatoka kwenye swala. Jumanne ikapita bila tone.

Jumatano alikuwa amechuchumaa pale roshanini, mfagio mkononi, machozi yakimlenga, aliposikia sauti ya baba yake.

"Usi... fagie."

"Nini, baba?"

Mzee alihangaika na ulimi wake. "Kumefagiwa. Ni kwa watu." Akavuta pumzi, akamwonyesha mbwa kwa kidevu. "Ana haya."

Mumbua akacheka mpaka akaketi chini. Kumbe! Kwao ua uliofagiwa ni wa watu. Mama yake aliufagia kabla jua halijatoka, na baba yake huyu huyu ndiye aliyemfunza Chifu, akiwa mdogo, kwa kijiti chembamba, kwamba lazima avuke mikonge ya mpakani kwanza. Na yeye kila asubuhi alikuwa akilifagia sanduku kama uwanja unaosubiri wageni! Aliutupa mfagio, akavuruga nyasi na udongo, akamwaga majani makavu, akachomeka vipande vya mkonge alivyokwenda kuvikata nyuma ya shule. Haikupita robo saa. Chifu aliingia, akazunguka mara tatu, akainua mguu.

Mumbua aliteremka ngazi mbili mbili kumwambia Bi Firdaus.

"Alhamdulillahi!" akasema yule mama, akipiga makofi. "Ona, watu wazima na akili zetu tunashangilia mkojo!"

Alhamisi daftari lilijaa. Ijumaa Mumbua alirudi kutoka kazini na bapa jipya la nyasi kwapani, akamkuta baba yake ameegemea ukuta, meno yakigongana, mwili ukiwaka moto. Zaki alimbeba kwa mara ya pili siku hiyo, hadi kwenye teksi, hadi hospitalini.

Muuguzi alibana ngozi ya mkono wa mzee kwa vidole viwili. Ngozi ilibaki imesimama.

"Amekojoa lini mara ya mwisho?"

Saa na dakika za Chifu Mumbua alizijua zote. "Ana beseni," akasema. "Liko karibu na kitanda."

"Nimekuuliza lini, dada."

"Sijui."

"Huyu amekauka. Hanywi maji kabisa."

Vikombe vyote alivyompa alivikuta vitupu. Ndivyo alivyojua anakunywa. Sasa alimkumbuka Chifu akijilamba masharubu yenye chai ya maziwa, asubuhi baada ya asubuhi. Na beseni lililokuwa kavu siku zote, akadhani safari ya alfajiri inatosha.

Zaki alikuwa akitazama viatu vyake. "Mwalimu, sikujua kama nilipaswa kukwambia. Siku ya kwanza kabisa, nilipompandisha, alinionyesha lile beseni. Akasema, 'Mtoto wa kike.' Tena na tena. 'Mtoto wa kike.' Nikamwambia, mzee, usijali, hatalimwaga yeye, nitakuja kila asubuhi."

Siku nne mzee alilala na dripu mkononi na mpira wa mkojo ulioishia kwenye mfuko kando ya kitanda. Homa ilishuka. Kila Mumbua alipoingia, mzee aligeukia ukuta, kwa sababu mfuko ulionekana. Mumbua aliufunika kwa kitenge chake, lakini hata hivyo mzee hakugeuka.

Siku ya tano alisema, "Musyi." Nyumbani.

"Baba, nitahama. Nitatafuta chumba cha chini, karibu na choo. Nitaajiri mwanamume akae nawe mchana. Umebakisha wiki saba tu, baba. Kisigino kimeinuka!"

Hakuwa na pesa za mwanamume wala za chumba, na wote wawili walijua.

"Musyi," alisema mzee, bila ukali.

Jumamosi Bi Firdaus alitoka mpaka barabarani kumuaga mzee, akamwekea mahamri mapajani. Chifu alipopita, yule mama alikusanya buibui lake kidogo tu.

Bartholomew, mpwa wa mzee, mkulima wa hapo Muthetheni, aliwapokea kwa kelele. "Mjomba, umeturudishia Chifu! Huku tulibaki na naibu, na hata huyo hafanyi kazi."

Alimwinua mzee kwapani, wakaanza kukokotana kuelekea choo cha shimo, ng'ambo ya mikonge. Mguu wa kulia uliburura vumbi. Mumbua alienda mbio kushika upande wa pili. Mzee akasimama. Alisimama kama aliyepandwa pale.

"Mumbua," akasema Bartholomew taratibu, "wewe nenda jikoni."

"Jikoni kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nenda tu."

Akaenda. Jikoni kulikuwa na giza na majivu ya zamani. Jumatatu jina la baba yake lingeitwa kwenye chumba cha mazoezi, na mwingine angelala mahali pake, kwenye kitanda kirefu cha kunyooshea viungo. Aliokota sufuria, kisha mwiko, akaanza kuigonga, kwa nguvu, tena kwa nguvu zaidi, ili mzee kule ng'ambo ya mikonge asikie kwamba binti yake yuko mbali.