Alama Moja Kutoka Zambia

Kwenye lile tamasha la nyimbo la nchi za Afrika huruhusiwi kuipigia kura nchi yako. Nilipoelezwa hivyo nikashangaa, sasa sisi wa Mikumi tutamsaidiaje mtoto wetu? Maana aliyechaguliwa kuiimbia Tanzania kule Kigali, Afrika nzima ikitazama kwenye televisheni, ni Naomi, binti yangu wa kumzaa. Mtoto aliyeanzia kwaya ya Kilosa!

Mwenyewe wala hakuwaza ushindi. Wakati wa kuniaga alisema, "Mama, huku wananipigia makofi kwa sababu ni mtoto wako. Nataka mtu mmoja tu asiyenijua aupende wimbo wangu."

Huyo mtu mmoja atatoka wapi? Kusema kweli, wimbo wenyewe niliuona umepoa, hauna hata pa kuchezea. Nikaogopa mwanangu atarudi mikono mitupu, avunjike moyo, aache kuimba kabisa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kibanda changu cha chakula kiko pale malori yanapoegeshwa, na wateja wangu wengi ni madereva wa Zambia, wana laini za simu za kwao. Siku ya tamasha nikachinja kuku, nikasonga ugali, nikawatangazia: leo hakuna kulipa, ila Tanzania ikimaliza kuimba, kila mtu simu mkononi.

Walikula hao, jamani! Naomi akaimba, nikalia. Mwansa, dereva mmoja mnene anayejifanya mkwe wangu, akainua simu juu. "Tayari, mama mkwe. Wote tumepiga."

Matokeo yakaja, tukashika mkia. Tulipata alama moja tu, na ilitoka Zambia.

"Afadhali ulichinja," jirani yangu Tumwagile akanicheka, "la sivyo tungerudi na sifuri."

Nikamwambia afunge domo lake. Mara Naomi akapiga simu, anacheka huku analia. "Mama, Zambia! Kuna watu Zambia wameupenda!" Nikamwitikia, ndiyo, mwanangu. Lakini moyo uliniuma sana. Nilijua furaha yake nimeinunua kwa kuku.

Wiki iliyofuata Mwansa akapita akitokea Dar. Hakukaa mezani, alinifuata jikoni kofia mkononi.

"Mama, usikasirike. Siku ile kura zetu zilikataa. Wanapokea za mtu aliye ndani ya nchi yake tu. Tuliona aibu kukuambia, tulikuwa tumeshashiba."

"Zilikataa zote?"

"Zote, mama. Hata moja haikwenda."

"Ala! Kwa hiyo kuku wangu mmemla kwa kazi gani?" Nilimnyanyulia mwiko, nikampa vidonge vyake mbele ya wateja: mlafi, muongo, tumbo lisilo na shukrani, na ukwe nimeuvunja leo hii. Yeye kainamisha kichwa tu. Katikati ya maneno nikashusha mwiko. Kama hawa hawakupiga, ile alama imepigwa na nani?

Nikauacha ugali jikoni, nikatafuta simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Naomi, wale Wazambia wameupenda wimbo wako. Wameupenda kweli."

"Sasa mama, si nilikuambia siku ileile?"

"Uliniambia, mwanangu. Mimi ndiye sikuamini."